Ndoto Zilizochongwa Katika Mti

Vigango vya Wagiriama Katika Ngome ya Mombasa

Mtu aondokaye Bamburi asubuhi kwenda Mombasa mjini hupita mambo mengi ambayo macho yake yamekwisha kuyazoea. Kwanza ni kiwanda cha saruji, kilichoanza kutoa saruji mwaka 1954, na karibu nacho yale mashimo ya zamani ya mawe ya matumbawe ambamo Bwana René Haller alianza kupanda mivinje mwaka 1971, hata pakawa msitu. Kisha huja Bombolulu, kisha soko la Kongowea, na mwisho daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 kuchukua kazi ya lile la zamani lililokuwa likielea juu ya maji. Na kila mahali wapitapo wageni huonekana vinyago vya kuuzwa: twiga, tembo, simba na mashujaa wenye mikuki, vyote vimesuguliwa vikang'ara.

Safari hiyo ikiishia Ngomeni, msafiri ataona uchongaji wa namna nyingine kabisa. Ngome hii, ambayo Waswahili wa zamani waliiita Gereza, ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596. Serikali ya Kiingereza iliifanya kuwa jela tangu mwaka 1895 hata mwaka 1958, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho. Ndani yake mna mizinga, vyombo vya udongo vilivyotoka Uchina, na vitu vilivyofukuliwa ardhini. Miongoni mwa vitu vya watu wa pwani zimo pia mbao ndefu nyembamba, zenye kichwa cha mviringo na shingo, bila mikono na bila miguu. Hizo ndizo vigango.

Ni rahisi mtu kuzipita mbio, kwa sababu hazing'ari, wala hazifanani na mnyama wala na mtu amjuaye. Walakini yafaa asimame hapo kidogo. Hapana ubao hata mmoja kati ya hizo uliochongwa ili upendeze macho ya mpita njia. Kwa desturi ya wenyewe, kila kimoja kilianza katika usingizi wa mtu aliyelala kwake, akajiwa na marehemu aliyekuwa na haja.

Umbo Lake

Kigango ni ubao wa mti mgumu, wa namna isiyoliwa na mchwa upesi. Urefu wake hutofautiana. Vingine ni kama kimo cha mtoto, na vingine humzidi mtu mzima. Kichwa huweza kuwa bapa kama sahani, na vingine huchongwa kichwa cha duara kamili chenye macho, pua na kinywa. Chini ya shingo kiwiliwili hushuka wima, kimejaa nakshi za pembetatu zilizochorwa kwa ncha ya kisu, safu juu ya safu. Nakshi hizo hutiwa rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi, na kigango kinaposimamishwa hufungwa vitambaa mwilini kama mtu avikwaye nguo.

Si kila mfu aliyechongewa kigango. Mazishi ya watu wengi yalifuatwa na koma tu, yaani kigingi kifupi cha mti kisicho na nakshi nyingi. Kigango kilikuwa haki ya wanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye cheo na mali, hasa miongoni mwa Wagiriama. Na baadhi ya ndugu zao katika makabila tisa ya Mijikenda walikuwa na desturi iliyokaribiana nayo. Kuingia Gohu kulikuwa na gharama ya karamu na ada, na mtu aliyeingia alijulikana nchi nzima. Basi alipokufa, jamaa zake walijua ya kwamba siku moja angedai heshima yake.

Marehemu Ajapo Usiku

Dai hilo halikuja siku ya maziko. Huenda miezi ikapita, au miaka, na watu wa nyumbani wakadhani ya kuwa mambo yametulia. Kisha usiku mmoja mwana, au ndugu, au mpwa, humwona marehemu katika ndoto. Wazee husimulia ya kwamba mfu hulalamika: anasikia baridi, ananyeshewa na mvua, hana mahali pa kukaa, watu wake wamemsahau. Mwotaji aamkapo huwaeleza wenzake. Pengine hawajali. Ikiisha mtoto akaugua, au mazao yakaharibika, au mifugo ikafa, huenda kwa mganga kuuliza sababu, na jibu likawa lile lile lililokwisha kunenwa usingizini: mzee ataka nyumba yake.

Hapo ndipo fundi huitwa. Mti hutafutwa, ukakatwa na kuchongwa. Siku ya kuusimamisha wazee wa Gohu hukusanyika, mnyama akachinjwa, na tembo la mnazi likamiminwa chini. Marehemu huambiwa kwa maneno ya wazi ya kwamba ombi lake limesikiwa, nyumba yake ni hii, na sasa awaache watoto walale. Tangu siku hiyo kigango hupelekewa chakula na kinywaji kwa wakati wake, naye mfu huarifiwa habari za ukoo, kama vile babu aliye hai aarifiwavyo na wajukuu.

Kuhusisha sanaa na ndoto si jambo la Wagiriama peke yao. Huko Paris mwaka 1924 mwandishi André Breton alitoa tangazo lake mashuhuri, akiwahimiza wasanii wachukue mambo ya ndotoni na kuyaweka katika kazi zao. Mmoja aliyejiunga na mwendo huo, Salvador Dalí wa Hispania, alichora mwaka 1931 picha ya saa za mfukoni zilizolegea kama siagi juani, nayo iko New York hata leo. Lakini tofauti ni kubwa. Mchoraji wa Paris aliota mwenyewe, akachora mwenyewe, akatia jina lake pembeni, na picha ikauzwa. Fundi wa Kigiriama alichonga ndoto ya mtu mwingine, kwa amri ya mtu wa tatu aliyekuwa kaburini, wala hakutia jina lake mahali popote. Na kazi ilipokwisha haikuwa ya fundi, wala ya mwotaji, wala ya aliyelipa. Ilikuwa ya yule aliyekuja usiku.

Hata hapa Mombasa tofauti hiyo yaonekana. Mafundi wa Kikamba wa Changamwe, ambao walianzisha chama chao cha ushirika cha uchongaji mwaka 1963, huchonga kwa ustadi mkubwa, na kazi yao imewalisha watu wengi na kuwasomesha watoto wengi. Kinyago chao humngojea mnunuzi, na akipatikana Hamburg au Chicago, hiyo ni heri. Kigango humngojea mtu mmoja tu, naye amekwisha fika.

Sheria ya Kutohamishwa

Kwa hiyo pana sheria moja kubwa: kigango kikisha kusimamishwa hakihamishwi. Wenye boma wakihama kutafuta ardhi nyingine, kigango hubaki pale pale, mvua impige na jua limchome mwenyewe, hata mti urudi kuwa udongo. Kuking'oa ni kama kumtoa mzee kitandani kwa nguvu, na lolote litakalowapata watu baada ya hapo watajua limetoka wapi.

Katika nchi ya zamani sheria hiyo ilijilinda yenyewe, kwa kuwa kila mtu aliiogopa. Lakini nchi imebadilika. Vijana wa Kaloleni, Ganze na Bamba wameshuka pwani kutafuta kazi. Hawakosekani kiwandani, hotelini, wala bandarini. Wamepanga vyumba Kiembeni, Mtopanga na Kisauni, na nyumbani wamebaki wazee. Wengi wamebatizwa au wamesilimu, na mambo ya koma wameyaacha nyuma. Vigango vikabaki porini peke yao, penye maboma yaliyohamwa, bila macho ya kuvitazama. Mali isiyo na mlinzi haikosi mwizi.

Wizi Ulivyoingia

Tangu miaka ya 1970 wafanyi biashara ya sanaa walitambua ya kwamba huko Ulaya na Marekani wako matajiri wapendao mbao hizi. Vigango vikaanza kuonekana katika maduka ya watalii, kisha katika nyumba za wacheza sinema wa Marekani, kisha katika makumbusho ambayo matajiri hao waliyapa zawadi. Waliong'oa mara nyingi walikuwa vijana wasio na kazi, na pengine wa ukoo ule ule, waliojua njia ya kufikia mahali. Mwizi alipewa fedha ya kumtosha siku chache. Mnunuzi wa mwisho ng'ambo ya bahari alilipa maelfu ya dola. Wataalamu waliofuatilia habari hii, Bibi Monica Udvardy na Bibi Linda Giles wa Marekani pamoja na Bwana John Mitsanze wa Makumbusho ya Kenya, walipata kuhesabu vigango 294 katika makumbusho 19 ya Marekani.

Katika habari hiyo kubwa kimo kisa cha mzee mmoja, nacho chafaa kujulikana na kila mtu. Mwaka 1985 Bibi Udvardy alikuwa akifanya utafiti katika sehemu za Kaloleni. Huko alimpiga picha Mzee Kalume Mwakiru, amesimama karibu na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliokufa. Muda si muda vigango hivyo vikaibwa usiku. Mzee akamwambia mgeni wake habari ya wizi, naye akabaki na ile picha.

Miaka ikapita. Mwaka 1999 Bibi Udvardy alihudhuria mkutano wa wataalamu wa mambo ya Afrika huko Marekani, na Bibi Giles akawaonyesha watu picha za vigango vilivyokuwa katika jimbo la Illinois. Bibi Udvardy akatazama, akashtuka. Kimoja alikijua. Alikuwa amekwisha kukiona kikiwa kimesimama ardhini kwao, na mwenyewe yuko kando. Baadaye cha pili kikaonekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia.

Mzee Mwakiru alikuwa amekwisha kufa, naye hakukiona tena kigango hata kimoja. Walakini jamaa zake walikuwapo, na picha ilikuwapo. Baada ya barua nyingi, makumbusho yale mawili yakakubali kuvirudisha, na mwezi wa Juni mwaka 2007 kigango kilichokuwa Illinois kikakabidhiwa kwa jamaa kwa sherehe na ngoma. Ndugu wa Mzee Mwakiru akawa amerudi kwao, baada ya kuvuka bahari mara mbili.

Thelathini Wasio na Majina

Kisa cha pili hakikwisha vizuri hivyo. Makumbusho moja ya mji wa Denver, Marekani, ilikuwa imepewa vigango 30 mwaka 1990. Wakuu wake walipofikiri sana waliona ya kwamba si haki kuviweka, wakaamua kuvirudisha Kenya bila kulazimishwa na mahakama. Lakini kazi hiyo ikachelewa miaka kadhaa, hata mwaka 2019 Makumbusho ya Kenya ndipo yalipovipokea.

Basi vimerudi nchini. Je, vimerudi nyumbani? Hapo ndipo penye ugumu wote. Walioviiba hawakuandika mahali walipoving'oa. Waliovinunua hawakuuliza. Katika daftari ya makumbusho ya ng'ambo kiliandikwa kimo cha ubao, na jina la tajiri aliyeutoa. Jina la mfu halikuandikwa, wala la kijiji chake. Kwa hiyo hapana awezaye kusema ya kwamba hiki ni cha mtu wa Ganze na kile ni cha mtu wa Jilore. Kigango cha Mzee Mwakiru kilipata njia kwa sababu ya picha moja na jina moja. Hivi thelathini vina mti, vina nakshi, vina vichwa na shingo, na havina pa kwenda.

Mbele ya Kioo

Tuseme mzee wa Kigiriama akaaye Kiembeni amemchukua mjukuu wake siku ya mapumziko, wakaja Ngomeni kutazama. Mtoto amevaa viatu vipya, naye akimbilia mizinga kwanza, kama watoto wote. Kisha amkuta babu yake amesimama mbele ya ubao mmoja, kofia mkononi.

"Tsawe, huyu alikuwa nani?"

"Sijui, mjukuu wangu. Hakuandikwa."

"Ikiwa humjui, mbona umevua kofia?"

"Kwa sababu wamjuao hawana habari kwamba yuko hapa."

Mtoto huyo amefundishwa kanisani au chuoni ya kwamba wafu hawali wala hawanywi, na pengine baba yake humkataza kabisa maneno ya koma. Hapana haja ya kumlaumu baba. Kila mtu ana imani yake, na watu wengi wa pwani, Waislamu na Wakristo, hawawezi kumwaga tembo mbele ya ubao. Hata hivyo habari za Yusufu, aliyemfasiria Farao ndoto zake, husomwa katika Biblia na katika Kurani pia, wala hapana msomaji azichekaye. Binadamu ameota tangu zamani, na tangu zamani amejiuliza nini maana yake.

Tena mtu hahitaji kuamini ndoto ya mwenziwe ili aone ya kwamba ameibiwa. Asiyeswali msikitini hajui kuibia msikiti kuwa halali. Mbele ya kioo cha makumbusho mtazamaji huona nakshi, na nakshi kweli ni nzuri. Lakini kama ajua desturi ya kitu hiki, ataona pia mahali patupu alipokuwa amesimama mzee, penye boma fulani, chini ya mti fulani, na watu waliolala karibu naye wakijua ya kuwa amenyamaza kwa kuwa ameridhika.

La Kufanya

Sheria sasa ipo. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006 yakataza biashara ya vitu kama hivi bila ruhusa. Kadhalika mwaka 2008 misitu ya kaya za Mijikenda iliandikwa katika orodha ya mali ya ulimwengu, na mwaka 2009 mila za kaya zikaandikwa miongoni mwa zile zihitajizo kuokolewa upesi. Hayo ni mema. Lakini sheria haiwezi kukirudishia kigango jina lililopotea.

Kazi hiyo ni ya wenye kalamu, nao siku hizi hawakosekani katika ukoo wowote. Karani aliyeko Bamburi, mwalimu aliyeko Mtwapa, mkulima ajuaye kusoma aliyeko Kaloleni, kila mmoja aweza kununua daftari la bei ndogo. Aendapo nyumbani mwisho wa mwezi na akae na wazee, aulize: Vigango vyetu viko wapi? Hiki ni cha nani, mwana wa nani, wa mbari gani? Nani aliota, na mfu alisema nini? Kilisimamishwa mwaka wa njaa gani, au wa mvua gani? Ayaandike yote. Akiwa na simu yenye kupiga picha, na apige picha, mtu wa ukoo akiwa amesimama kando, kama alivyosimama Mzee Mwakiru. Picha na daftari visikae nyumba moja. Na kikionekana kimeng'olewa, habari ipelekwe upesi kwa chifu na kwa ofisi ya makumbusho iliyo karibu, siku ile ile, kabla hakijafika bandarini.

Aliyeamini koma atakuwa amewatunza wazee wake. Asiyeamini atakuwa ametunza habari za ukoo wake, na watoto wake watamshukuru. Maana wazee waotao ndoto hizi wanapungua kila mwaka, na mwotaji wa mwisho akifa bila kuulizwa, hata kigango kilichosalia porini, bila kuguswa na mwizi, kitakuwa kama wale thelathini: kimesimama kwao, na hapana amjuaye mwenyewe.